Mpwa wangu yuko kwenye unga (heroini). Hela ya korosho nimlipie soba au nimpeleke methadoni?

Mjomba_Mangamba
Wakuu salaam. Huwa nasoma nyuzi za wenzangu na kupita, ila leo limenifika.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, miaka 25. Tupo Mangamba, nje kidogo ya Mtwara mjini. Kwetu Wamakonde mnajua, mtoto wa dada akiharibikiwa anaulizwa mjomba, baba yake anakaa pembeni anatikisa kichwa. Kijana alikuwa bodaboda mzuri, pikipiki ya mkataba aliimaliza mwenyewe. Mwaka jana mwishoni akaanza kukonda. Dada akasema ni bangi tu, atakua ataacha. Pikipiki ikapotea, akasema imeibiwa. Ukafuata mtungi wa gesi, halafu simu ya bibi yake, na mwezi wa sita mifuko miwili ya salfa niliyoweka stoo ya kupulizia mikorosho.

Wiki iliyopita nikamfuata kijiweni. Nikamkuta anasinzia amesimama. Amesimama wakuu, anainama taratibu mpaka karibu na magoti, na haanguki! Hapo nikajua bangi haifanyi hivi.

Nyumbani kila mtu na lake. Dada anataka shehe amsomee. Baba yake mdogo anataka afungiwe chumbani wiki mbili. Shemeji anasema polisi. Mimi mzigo wangu upo ghalani nasubiri malipo ya mnada. Kuna soba nimeulizia, zile nyumba wanakokaa waathirika mpaka waache, wanataka 350,000 kwa mwezi, miezi minne si chini. Mwingine kaniambia methadoni, dawa ya hospitali ya watu wa unga, ni bure. Hela ni moja, na ada za wadogo zake zimo humo humo. Nifanyeje? Matusi siyataki, nina ya kutosha nyumbani.

Kijana_wa_Tandahimba
Pole mkuu. Ngoja waje wenye uzoefu.

KambaTu
Mnadekeza hawa watoto. Mfungie. Mdogo wangu tulimfungia siku kumi, uji na maji tu, arosto (mateso ya kukosa unga) ikaisha akatoka mzima kabisa.

MamaShangani
@KambaTu na sasa hivi yuko wapi huyo mdogo wako?

KambaTu
Alirudia. Lakini zile siku kumi alikuwa safi.

MamaShangani
Haya. Wa kwangu tulimfungia wiki tatu. Akanenepa, akaanza kuswali, tukafurahi tukamfungulia. Siku ya pili akarudi kwa wenzake, akapiga kiasi kile kile alichozoea zamani. Tulimkuta chooni midomo ya bluu. Sisemi zaidi.

Nesi_Rahaleo
Mama pole sana, Mungu amrehemu. Alichoeleza mama ndicho ninachotaka Mjomba akisikie. Mwili wa mtu wa unga unazoea. Kete (kipimo kimoja cha unga) ambayo ingemuua mgeni, yeye anatembea nayo. Akikaa wiki mbili tatu bila kutumia, mazoea yale yanapotea, ila kichwani bado anakumbuka kipimo chake cha zamani. Akirudia kwa kipimo hicho, pumzi inakata. Ndiyo maana hatari huwa kubwa wanapotoka mahabusu, wanapotoka soba, na wanapofunguliwa hicho chumba cha baba mdogo.

Arosto yenyewe huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, inapanda siku ya pili na ya tatu, halafu inashuka ndani ya wiki. Inatesa, ila kwa unga peke yake mara nyingi haiui, ingawa akiharisha na kutapika sana bila maji anaweza kuishiwa. Kama anachanganya na pombe kali kila siku au vidonge vya usingizi, msimkatishe ghafla nyumbani. Hiyo inaweza kuleta degedege. Mpelekeni hospitali.

Sasa Mjomba nijibu. Asubuhi kabla hajatoka ana mafua, anapiga miayo, machozi yanamtoka, vinyweleo vimesimama? Na akirudi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anajikuna? Nauliza kwa sababu methadoni ni ya watu wa heroini na jamii yake. Kwa bangi, mirungi na gongo haina kazi.

Mjomba_Mangamba
Nesi, umemwona wapi huyu mtoto? Yote hayo. Mafua ya asubuhi tulidhani ni vumbi la korosho.

TejaMstaafu
Mjomba shikamoo. Mimi nilikuwa teja miaka tisa, Dar, sasa nina miaka sita sijagusa. Soba nimekaa mara mbili, methadoni nimekunywa miaka minne, kwa hiyo vyote navijua kwa ndani.

Soba ya kwanza tulikuwa watu kumi na nane chumba kimoja. Ukivunja sheria unafungwa mnyororo. Hakuna daktari, hakuna nesi, kuna mwenye nyumba tu na fimbo yake. Nilitoka pale nina hasira kuliko arosto, na jioni ile ile nilikuwa kijiweni tena. Ya pili ilikuwa tofauti, wenyewe walikuwa wamepitia njia hiyo, vikao asubuhi na jioni, na ndugu walikuwa wanaruhusiwa kuja. Kwa hiyo usiseme soba ni mbaya wala nzuri. Nenda kwa miguu yako, bila kuwaambia unakuja. Uliza wamesajiliwa? Akiugua usiku anapelekwa wapi? Wakikukatalia kuona anapolala, rudi na hela yako Mangamba.

Methadoni, enzi zangu: unaenda kliniki kila siku, Jumapili na sikukuu imo. Unapewa kikombe, unakunywa mbele yao, unaondoka. Haikuleweshi, inaondoa arosto na ile kiu. Wanaanza na dozi ndogo wanapandisha pole pole, kwa hiyo siku za mwanzo asikae akisema haifanyi kazi akaongezea unga au pombe juu yake. Hapo ndipo wengine tumewazika. Wanapima TB, virusi vya UKIMWI na homa ya ini pia. Serikalini hulipi.

Gharama yake ni nyingine: kusafiri ni shida, na kama unakaa mbali nauli inakula. Halafu siyo ya miezi minne. Hesabu miaka.

KambaTu
Sasa si kahama unga wa mtaani kaenda unga wa serikali?

TejaMstaafu
Niliambiwa hivyo na kaka yangu kabisa. Leo nina genge la mboga na yeye ananikopa.

Kijana_wa_Tandahimba
😂😂 KambaTu pumzika kidogo.

Nesi_Rahaleo
Methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na mikoani kliniki zimeendelea kufunguliwa. Kabla hujakata tiketi piga 119, ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Waambie uko Mtwara, watakuelekeza kituo na utaratibu. Mara nyingi anaanzia kwa asasi zinazotembelea vijiwe, hao ndio humwandaa na kumpeleka, na wanataka ndugu wa kusimama naye. Hospitali ya Ligula hapo Mtwara pia usiipite, ana arosto na mafua ya mwaka mzima, apimwe kifua.

Dua ya shehe sina tatizo nayo. Asomewe, na dawa anywe.

MamaShangani
Mjomba, una mtu Mbagala, Dar? Nani wa kusini asiye na mtu Mbagala. Akikaa kwa ndugu kule, Temeke hospitali anafika kwa daladala kila asubuhi. Hiyo hela ya soba igeuze nauli na chakula, ada za wadogo zake zitabaki.

Mjomba_Mangamba
Wakuu nimerudi. Nimepiga 119, kapokea binti mstaarabu, tumeongea kama dakika kumi, kanielekeza. Jana jioni nikakaa na kijana barazani, dada nikamwomba asitoke ndani. Sikumfokea. Nikamwambia nayajua yote mpaka ya salfa, nikamtajia methadoni. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mjomba, kama ni kunipeleka nipeleke kabla hela ya mnada haijaingia. Ikiingia nikiwa hapa sijiamini."

Nimekopa nauli kwa jirani. Dada yetu mkubwa yupo Mbagala Rangi Tatu, amekubali, kwa sharti simu na sufuria zake zikae chumbani kwake. Kijana mwenyewe kacheka kusikia hivyo, mara ya kwanza mwaka huu.

Naenda naye, nitakaa wiki mbili za mwanzo. Basi ni keshokutwa alfajiri. Nesi, njiani arosto ikimshika nifanyeje?

Nesi_Rahaleo
Maji mengi na zile chumvichumvi anazopewa mtu anayeharisha (ORS), pakiti tatu nne. Blanketi. Kaeni karibu na mlango na mwambie kondakta mapema kuwa una mgonjwa. Dawa za usingizi za dukani usimpe hata moja.

TejaMstaafu
Na mifuko yake ikague wewe mwenyewe, usimwachie dada. Nipo Temeke, nitumie ujumbe faragha mkifika.