Kisiwa kidogo au kijisiwa? Naomba ushauri, bango linasubiri

Mama Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nina mashua ya kutembeza wageni, tunatoka hapa Mwanza kwenda kisiwa cha Saanane na kuzunguka jirani. Fundi wa mabango anataka maneno kesho. Nilipanga "Saanane na vijisiwa vyake". Baba watoto anadai "kijisiwa" ni dharau. Binti yangu wa kidato cha pili naye kasema "kisiwa kidogo" ni kurudia, eti ile ki- tayari inaonyesha udogo. Nani yuko sahihi? Na hili neno limetoka wapi hasa?

Mjomba wa Pamba
Kiarabu hicho, kama mengine. Andika "visiwa", ukalale.

Mpwani
Hapana, Mjomba. Waarabu wanasema jazira, ndiyo maana Pemba waliiita Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani. Kamusi za zamani za Kiswahili zina "siwa", maana yake kisiwa kikubwa. Tia ki- ukipunguze, unapata kisiwa. (Lipo pia baragumu la heshima la kule Lamu na Pate linaloitwa siwa, hilo tuliweke pembeni.)

Kwa hiyo binti ana hoja, tena nzuri, mpe soda. Ila siku hizi nani anasema "siwa"? Kubwa lake limepotea midomoni, na ki- imebaki alama ya ngeli tu. Ukerewe ina kilomita za mraba kama 530 na bado tunaiita kisiwa! Basi "kisiwa kidogo" hakina kosa lolote. Ukitaka udogo wenyewe uonekane ndani ya neno, unatumia kiji-: kitabu, kijitabu, kisiwa, kijisiwa. Dharau inategemea unachokitaja. Kijitabu hakimuudhi mtu, kijitu kinaudhi.

Mjomba wa Pamba
Na Jiwe la Bismarck je, nalo kijisiwa? 😂

Mpwani
Jiwe ni jiwe, Mjomba.

Mwana Ukara
Mama, sisi wa majini hatuna mambo hayo. Hata pawe mwamba wenye vibanda vitano na dagaa walioanikwa, mtu anaaga "naenda visiwani", basi. Wajaluo wanasema chula, Waganda ng'ambo wana ekizinga, wakiwa wengi ebizinga, ndivyo wanavyoviita vile vya Ssese. Usije ukaandika "fungu" kwa sababu umeliona kwenye matangazo ya Dar. Fungu ni mchanga au mwamba wa baharini unaozama maji yakijaa na kuibuka yakipwa, kama Fungu Yasini. Ziwani hatuna kupwa na kujaa kwa namna hiyo.

Bi Nyamagana
Mimi naangalia biashara. Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale. Hiyo "vyake" inafanya vingine vionekane mali ya Saanane. Weka "vya jirani".

Mama Kirumba
Ahsanteni sana. Nimemtumia fundi: "Saanane na visiwa vidogo vya jirani". Vijisiwa nimemwachia binti atumie kwenye insha, na soda kashaidai.

Mjomba wa Pamba
Sawa. Nauli ya mtoto shilingi ngapi?