Kumwagia paka maji moto, faini ni elfu tatu tu?

BintiKisauni: Wanajamvi, hamjambo. Jirani kammwagia paka wangu maji ya moto, eti kadokoa samaki jikoni kwake. Mgongo umebambuka, manyoya na ngozi vyote, sasa amejibanza chini ya kabati hataki kuguswa. Daktari wa mifugo kanitoza 4,500, na dawa ya kupaka mbali. Nikaenda kuripoti. Askari wa zamu akaniuliza, "Mama, kwani huyo paka ana kitambulisho?" Wenziwe wakaangua kicheko.

Sheria yetu ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yasema faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Yaani hata gharama ya daktari haifiki! Mtu alipa kwa M-Pesa, adhuhuri yuko kwake. Wabunge wangoja nini kuipandisha?

Mzee_Kobe: Watu hawana unga, nyinyi mwatafutia paka wakili.

BintiKisauni: Mzee wangu, shikamoo. Wakili sitaki, nataka 4,500 zangu.

Wakili_Nakuru: Pole sana dada. Faini ni ya kuchekesha, nakubali, lakini jela imo humo humo. Kesi hizi hufia kituoni kwa kukosa ushahidi. Rudi, usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Mwambie daktari aandike kwamba ni jeraha la maji moto, si upele wala kuumwa na mbwa. Piga picha leo, kidonda kikipona hutakuwa na la kuonyesha. Nani alimwona akimwaga? Wajulishe KSPCA pia, shirika la kutetea wanyama, hao kesi za namna hii wanazijua.

Mswahili_Leicester: Huku England na Wales kifungo cha juu kilikuwa miezi 6 pia, mpaka Juni 2021 kikapandishwa hadi miaka 5. Ila mimi naona kinachouma zaidi ni mahakama kukupiga marufuku kufuga. Wanao kila siku wanakuuliza kwa nini hatuna mbwa.

BintiKisauni: Jirani hafugi hata kuku, hiyo haitamuuma. Mtoto wa dobi alimwona, mamake kakubali aseme. Wakili, ripoti iwe ya Kiingereza?

Wakili_Nakuru: Lugha si tatizo. Mradi ina sahihi, tarehe na muhuri.