Ndoa ngomeni Doornenburg na cheti cha RITA

Neema, Arnhem:
Ndugu zangu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Mimi na mchumba wangu tumepanga kufunga ndoa ya serikali katika ngome ya Doornenburg hapa Uholanzi, lakini ofisi ya manispaa imekirudisha cheti changu cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo Tanzania) ikidai hakikuthibitishwa ipasavyo, ilhali ni cheti hicho hicho kilichotumika kuniandikisha BRP, yaani daftari la wakazi la hapa. Je, yupo aliyevuka hapa bila kurudi Dar?

Baraka, Nijmegen:
Hongera, dada. Sisi tulidaiwa pia cheti cha kutokuwa na ndoa, na kilipowasili kutoka nyumbani kikaambiwa kimepitwa na muda. Kuhusu mahali penyewe, wajulishe wageni wako kwamba ngome ya enzi za kati ilivunjwa vitani mwaka 1945, na watakachokiona ni jengo jipya.

Mzee Said, Rotterdam:
Mwanangu Baraka, usiwapotoshe watu. Kabla ya vita ngome ile ilikuwa imechakaa, na tajiri wa viwanda vya nguo, Jan Herman van Heek, ndiye aliyesimamia ukarabati wake kuanzia 1937 hadi 1941. Miaka minne baadaye kazi yote hiyo ikawa kifusi, na bado watu wakaanza upya mwaka 1947 na hawakuweka vifaa chini hadi 1968. Ukivuka lile daraja jembamba la mbao, kutoka ua wa mbele wenye kanisa dogo na nyumba ya shamba hadi ngome kuu iliyozungukwa na maji, utatambua kwamba mpangilio wa kale umeheshimiwa. Kuliita hilo jengo jipya ni kuwadhulumu waliolijenga.

Zuhura, Utrecht:
Shikamoo Mzee. Umenikumbusha Kilwa Kisiwani, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuitoa 2014, baada ya kuta zake za mawe na chokaa kukarabatiwa. Natamani serikali yetu itenge fedha za matunzo kila mwaka bila kungoja wafadhili, kwa sababu chumvi na mawimbi ya bahari havipumziki.

Baraka:
Mzee, heshima yako naitunza, na juhudi zao sizikatai. Ninachodai ni kwamba mgeni aelezwe waziwazi ukuta upi ni wa kale na upi ni wa baada ya 1947.