Ulinganisho: shingo, muundi, mkia, utumbo au ya kusaga, ipi bado ni nafuu kweli?

Msufi (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Sarara na steki si nyama za mfuko wangu, kwa hiyo hesabu zangu ziko kwenye vile vipande vinavyowekwa pembeni: shingo, muundi, kidari, mkia, utumbo, maini, na nyama ya kusaga. Zamani hivi vilikuwa vya watu wasio na uwezo. Siku hizi ukiuliza mkia unatajiwa bei inayokaribia steki, unabaki kumtazama muuzaji.

Naomba tulinganishe, lakini si kwa bei ya kilo peke yake. Nataka kujua kinachofika kwenye sahani, muda wa jikoni na moto unaoliwa. Nina sufuria ya kawaida, presha kuka bado naifikiria. Nyumbani tuko wengi na kila mtu anakula kama mkubwa.

Kitunguu Maji

Bei ya kilo ndiyo inayowadanganya wengi. Tuseme kilo ya nyama tupu ni 10, kwa fedha yoyote uitumiayo, na yenye mfupa ni 7. Unajiona umeokoa 3. Sasa kama mfupa ni asilimia 35 ya uzito, kilo yako ina gramu 650 tu za nyama. Gawa 7 kwa 0.65, unapata 10.77. Umelipia zaidi ya ile uliyoikimbia! Kwa bei hizo mfupa ukifika asilimia 30 mmetoka sare, ukizidi umepoteza.

Mkia ndio unaoongoza kwa hilo, karibu nusu yake ni mfupa. Halafu nyama yoyote ikiiva hupoteza robo hadi theluthi ya uzito kwa maji na mafuta yanayotoka. Kilo ya mkia ikishaiva na kuchambuliwa, ukipata gramu 350 shukuru. Maini na moyo havina mfupa. Utumbo nao hauna, ila unanywea sana, usije ukapima kwa macho ukiwa mbichi.

Jiko la Chini

Mkuu hesabu yako nzuri ila umeutupa mfupa jalalani. Mimi mfupa ukishatoka kwenye mchuzi wa kwanza unarudi sufuriani na maji mapya na kitunguu, kesho yake ndiyo supu ya kupikia maharage. Wajukuu hawaulizi nyama iko wapi.

Kitunguu Maji

Mama, ladha sikatai. Ila tusiihesabu supu ya mifupa kama nyama. Mjadala huu una miaka mingi: karne ya 19 kule Paris kulikuwa na watu, mkemia d'Arcet akiwa mbele, walioamini jelatini (ule ute unaoganda mchuzi ukipoa) iliyochemshwa kutoka kwenye mifupa ingewalisha maskini na wagonjwa wa hospitali kwa gharama ndogo. Ikaundwa tume chini ya mwanasayansi François Magendie, na ripoti yake ya 1841 ikasema jelatini peke yake haiwezi kumweka mnyama hai. Baadaye sababu ikajulikana: jelatini haina triptofani, moja ya zile asidi amino (vijenzi vya protini) ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Kwa hiyo supu na maharage, safi kabisa. Supu pekee, umekunywa maji matamu.

Jiko la Chini

Ndiyo maana nimesema maharage, baba.

Mzee wa Kisu

Vijana mnaanzia kwenye mizani, mimi naanzia kwa mnyama mwenyewe. Ng'ombe anatembea kutwa, anainama kula, anainua kichwa, anatafuna na kucheua. Miguu, shingo, mashavu na mkia havipumziki. Msuli wa kazi hivyo unakuwa na nyuzi nene na ule utando mweupe unaong'aa, hapo ndipo kolajeni ilipo, ile protini ngumu inayoshikilia nyuzi pamoja. Sarara imelala chini ya uti wa mgongo haina shughuli nzito, ndiyo sababu inakatika kwa uma. Na ng'ombe mzima ana sarara mbili tu. Unachokilipia pale ni ulaini na uchache. Utamu uko kwenye muundi, muulize mpishi yeyote.

Sasa namna ya kununua. Muundi wa nyuma ni mkubwa na una nyama zaidi kuliko wa mbele. Omba ukatwe kwa kuvuka mfupa, unene wa vidole viwili au vitatu, uboho ubaki katikati. Kidari kina upande mwembamba usio na mafuta mengi na upande mnene wenye mafuta. Kwa mchuzi wa kukaa motoni chukua mnene, ule mwembamba hukauka upesi. Shingo iombe isiyo na mfupa kama muuzaji anakubali, bei ikipanda kidogo usinune, hesabu ya Kitunguu Maji iko hapo juu. Usikubali kukatiwa vipande vidogo kama vya mishikaki kwa nyama ya kuchemsha. Na ukikuta mashavu yanauzwa pamoja na kichwa kwa bei ya kichwa, nunua na usimwambie mtu.

Msufi

Shikamoo mzee. Hilo la mashavu nimelisikia.

Mzee wa Kisu

Marahaba. Sasa umeshaliweka hadharani.

Moto Mdogo

Naongezea upande wa sufuria, maana hapo ndipo nyama ya bei nafuu inapoharibika. Mtu anachemsha muundi saa moja na nusu, anaonja, anakuta mgumu, anasema ng'ombe alikuwa mzee. Kilichotokea ni hiki. Kuanzia nyuzi joto 60 hivi za Selsiasi, nyuzi za msuli zinajikaza na kukamua maji yake. Nyama inakuwa ngumu na kavu hata ikiwa imezama kwenye mchuzi, watu hawaamini lakini ndivyo. Kolajeni nayo inaanza kuyeyuka vizuri kuwa jelatini kuanzia nyuzi 70 kwenda juu, na inataka saa, si dakika. Anayeipua katikati amepata hasara zote mbili: maji yameshatoka na ulaini haujaja. Ukivumilia, jelatini inazipaka zile nyuzi kavu na mdomo unahisi nyama yenye maji.

Kwa sufuria ya kawaida muundi utataka saa mbili na nusu hadi tatu, mkia tatu hadi nne. Moto uwe mdogo, mchuzi utokote kwa mapovu machache. Kuchemsha kwa fujo hakuharakishi sana, kunaisambaratisha nyama kwa nje tu. Ukiipika sarara hivyo utatafuna uzi, kwa sababu haina kolajeni ya kuiokoa.

Kaunta ya Pili

Na msisahau kuikaanga kwanza kwa moto mkali ili kufunga maji ndani.

Moto Mdogo

Kaanga, ndiyo. Kufunga maji, hapana. Hiyo nadharia aliieneza mkemia Mjerumani Justus von Liebig miaka ya 1840 na imekataa kufa. Pima kipande kilichokaangwa na kisichokaangwa baada ya kuiva, kilichokaangwa hakijabaki na maji zaidi. Faida yake ni ile rangi ya kahawia na harufu, mmenyuko ambao mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliuelezea mwaka 1912. Kwa nyama ya bei ndogo hiyo ladha ni ya kuitafuta kwa bidii, ila ukifanya, kausha nyama kwanza na usijaze sufuria, la sivyo inachemka kwa maji yake yenyewe.

Kaunta ya Pili

Sawa mwalimu. Na papai bichi?

Moto Mdogo

Linafanya kazi, lina kimeng'enya kinachokata protini, na nanasi bichi vilevile. Nanasi la kopo halisaidii kwa sababu limeshapikwa. Shida yake linalainisha juu juu tu, ukiliacha muda mrefu nje panakuwa uji na ndani bado pagumu. Lipake kwenye vipande vyembamba vya kuchoma. Kwa muundi usihangaike nalo.

Fundi Mvuke

Msufi nunua presha kuka, acha kufikiria. Sufuria ya kawaida maji hayavuki nyuzi 100. Presha kuka inafika karibu 120, muundi unalainika kwa dakika 40 hadi 45 na mkia kama saa moja. Moto unaookoa unarudisha pesa, hasa kama unapika mifupa kila wiki.

Na hii kitu ilizaliwa kwa ajili ya watu kama sisi. Mfaransa Denis Papin alionyesha chungu chake cha mvuke London mwaka 1679, na kusudi lake lilikuwa kulainisha mifupa na nyama ngumu ili chakula kipatikane kwenye vitu vilivyotupwa. Akaiwekea na vali ya usalama, ambayo hadi leo ndiyo inayokulinda.

Mambo mawili tu. Usiijaze kupita theluthi mbili. Na ikimaliza, iache presha ishuke yenyewe. Ukiifungulia ghafla mchuzi unachemka kwa nguvu na nyama inakauka dakika ya mwisho.

Kumbukumbu

Mmeongea mengi ya jikoni, mimi niseme kwa nini mkia ulipanda. Jibu ni fupi: ng'ombe ana mkia mmoja. Nyama ya paja ikipendwa, mnyama mmoja anatoa kilo nyingi. Mkia ukipendwa, hakuna pa kuutoa mwingine mpaka mnyama mwingine achinjwe, na hakuna mfugaji anayefuga kwa ajili ya mkia. Mahoteli yakishauandika kwenye orodha yao, bei inapaa.

Mabawa ya kuku yalipita njia hiyohiyo. Marekani yalikuwa ya kutupia kwenye supu. Mwaka 1964, kama inavyosimuliwa, baa moja mjini Buffalo, New York, ikayakaanga na kuyapaka mchuzi wa pilipili. Leo kuna nyakati bawa lina bei kuliko kidari cha kuku huyohuyo, na bawa lenyewe ngozi na mfupa.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Uingereza mgao wa nyama ulianza Machi 1940 na haukuisha mpaka Julai 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha. Nyama ilipimwa kwa thamani, si kwa uzito. Mwanzoni mtu mzima alipewa haki ya kununua nyama ya shilingi 1 na peni 10 kwa wiki, baadaye ikashushwa. Sasa fikiria: aliyetaka kipande laini alitoka na kidonge, aliyechukua shingo alitoka na mlo. Watu wenye fedha zao wakajifunza kupika shingo kwa lazima. Maini, figo na moyo havikuhesabiwa kwenye mgao, kwa hiyo aliyewahi ndiye aliyepata.

Kwa hiyo ukitafuta unafuu wa leo usitazame kilichokuwa rahisi zamani. Tazama kile ambacho hakijapata umaarufu bado.

Msufi

Na hicho ni kipi?

Dada Figo

Moyo! Nashangaa hamjautaja ila kwa kupita. Ni msuli mtupu, hauna mfupa, mafuta yake yako juu unayakata kwa kisu, na watu wanaukimbia kwa jina tu. Unapikwa kwa njia mbili na katikati hakuna: ama vipande vyembamba kwenye kikaango chenye moto mkali, dakika chache unaipua, ama saa mbili na zaidi kwenye mchuzi. Ukiupika nusu saa ni mpira.

Maini yanashinda kwa moto kidogo. Dakika chache kila upande na yawe yameiva hadi ndani bila kukaushwa, yakipitiliza yanakuwa unga mdomoni. Lakini mjamzito asiyale, yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto aliye tumboni. Na mwenye gauti aachane na maini na figo kabisa.

Utumbo naupenda, ila kwenye ulinganisho huu unashindwa kwa kazi. Kuosha, kuchemsha na kumwaga maji ya kwanza, kisha saa nyingi motoni. Kama muda wako una bei, utumbo si rahisi. Uliosafishwa tayari umeshaongezewa bei, na ni haki yao, nani anataka kuifanya hiyo kazi?

Kaunta ya Pili

Mimi nabaki na nyama ya kusaga. Haina mfupa, dakika ishirini imeiva, ukichanganya na dengu inalisha nyumba nzima.

Mzee wa Kisu

Sikukatazi, ila ya kusaga usinunue iliyokwisha kusagwa kama unaweza kuchagua. Chagua kipande cha shingo au bega, kisagwe ukitazama. Kwenye ile iliyosagwa tayari hujui mafuta ni kiasi gani mpaka yaelee sufuriani, na hapo umeshayalipia kama nyama.

Moto Mdogo

Na iive yote. Kwenye kipande kizima vijidudu viko juu, moto unavifikia. Ukishasaga umevichanganya hadi katikati. Nyuzi 71 ndani, hakuna ya rangi ya waridi hapo.

Msufi

Nimewaelewa. Nachukua shingo isiyo na mfupa kwa wiki, moyo kwa siku za haraka, muundi mwisho wa wiki presha kuka ikishapatikana. Mkia nauacha kwa wenye hoteli. Swali la mwisho: nikipika sufuria kubwa ya siku tatu, yale mafuta yanayoganda juu nitupe?

Jiko la Chini

Usitupe mwanangu. Kwanza mchuzi usilale mezani, ndani ya saa mbili uwe umeingia kwenye friji, ugawe kwenye vyombo vidogo upoe haraka. Asubuhi mafuta yameganda, unayabandua kama kifuniko. Ukipasha moto mchuzi usiyarudishe, yaweke kwenye chombo chake kwenye friji ukaangie vitunguu vya sufuria inayofuata.