Tupeane uzoefu: kazi ya video iliyokutoa jasho wakati wa kuediti

MtotoWaKisauni
Asalaam aleikum wandugu. Kila mpiga video ana kazi moja ambayo akiikumbuka jasho hurudi. Naomba tuzimwage hapa, maana mimi nimo ndani ya moja sasa hivi.

Nikaha, msikiti wa Mji wa Kale. Msikiti una miksa yake, ile mashine inayokusanya sauti za maiki na kuzipeleka kwenye spika, basi nikavuta waya kutoka kwenye miksa moja kwa moja hadi kwenye kamera. Nikavaa hedifoni: kadhi yuasikika mpaka anavyovuta pumzi. Nikaediti siku mbili, nikatia kasida kwa chini, nikamtumia babake bwana harusi kwa WhatsApp. Dakika kumi hazijafika, simu. "Mwanangu, kasida naisikia. Kadhi mbona umemtia ububu?"

Nikasema labda ni simu yake, ile ya spika moja. Nikajaribu kwa ya mamangu: kweli, midomo yaenda, maneno hakuna. Nikirudi kwa laptopu na hedifoni, kadhi yupo. Nimerenda, yaani kuitoa video nzima upya, mara nne. Na mzee hajanimalizia pesa.

BintiKibokoni
Waleikum salaam. Ya kwako siijui, ingoje wajuzi. Yangu ni ya usiku wa kupamba.

Mimi huchukua shughuli za kina mama tu, na masharti yake mwayajua: simu za wageni hukusanywa mlangoni, na kazi naediti mwenyewe chumbani, mlango umefungwa. Nikikwama siwezi kumtumia mtu klipu nikamwambia hebu nitazamie. Siku hiyo kamera yangu ya pili ilikataa kuwaka, nikasimamisha simu upande wa jukwaa. Biharusi ameketi, taarab yaendelea, saa mbili mfululizo. Kuja kuoanisha kwenye taimulaini, mwanzo sawasawa. Nikisogea dakika ya arubaini, mwimbaji ameshafunga mdomo na sauti bado yatoka. Nikaisogeza sauti ikakaa, nikarudi mwanzo, kumeharibika. Nikakata vipande vipande mpaka adhana ya alfajiri, kama anayetia kanga viraka.

Sababu nilikuja kuijua siku nyingi baadaye. Simu hairekodi fremu, zile picha moja moja za kila sekunde, kwa idadi moja. Ukumbi ukiwa na giza hupunguza, mwanga ukirudi huongeza. Programu ya kuediti yahesabu kana kwamba ni 30 kila sekunde, basi picha na sauti zaachana kidogo kidogo. Sasa klipu yoyote ya simu naipitisha kwanza kwenye HandBrake, ambayo ni ya bure, nachagua idadi ya fremu isiyobadilika, ndipo naiingiza.

MpitaFeri
Dada, si ni umbali tu? Labda simu ilikuwa mbali na spika.

BintiKibokoni
La, kaka. Umbali una hesabu yake. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo ukisimama mita 34 wachelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani fremu mbili na nusu ukirekodi kwa 25. Lakini kuchelewa huko ni kule kule kuanzia mwanzo hadi mwisho, wasogeza mara moja ukamaliza. Ukiona pengo lazidi kukua, usiulaumu ukumbi.

FundiMiksa
Kijana wa Kisauni, usirende mara ya tano. Kadhi hajapotea, yuajifuta mwenyewe.

Ile waya ya pini tatu itokayo kwenye miksa hubeba sauti moja mara mbili: mara moja kama ilivyo, mara ya pili imepinduliwa, palipo kilima pakawa bonde. Kifaa kilichoundwa kuipokea huipindua tena ile ya pili na kuziunganisha, na makelele yote yaliyodandia njiani yakafa hapo. Kamera yako ina tundu dogo la stereo, haina habari na mambo hayo. Imechukua moja ikaweka kushoto, iliyopinduliwa ikaweka kulia. Kwenye hedifoni kila sikio lapata yake, basi wasikia vizuri tu. Simu ya spika moja huzijumlisha pande mbili. Kilima na bonde, jibu sifuri. Kasida yako ulitia kutoka faili jingine, ndiyo maana imebaki.

Zima upande wa kulia wa klipu ya msikitini, ule wa kushoto ujaze pande zote mbili. Programu nyingi za kuediti zina njia ya kufanya hivyo. Safari nyingine tafuta matundu ya kurekodia nyuma ya miksa, mara nyingi huwa mawili, nyekundu na nyeupe. Hayo hayana mchezo huu. Na kabla hujampa mteja, isikilize kazi nzima kwa mono, yaani pande mbili zimejumlishwa kuwa moja, hata kama ni kwa kukimbiza. Mimi nilijifunza haya kwa kumrudishia mtu pesa ya harusi nzima, wala sikumwambia mke wangu.

Jingine: usiamini kipimo ulichopimiwa ukumbi ukiwa mtupu. Anayejaribu maiki huongea kwa adabu. Watu wakijaa na vigelegele vikianza, mwenye miksa hupandisha. Mimi huacha vilele vya sauti desibeli 12 chini ya sifuri, ule mpaka ambao ukiupita sauti hupasuka, na rekoda ya pili naiweka chini zaidi. Sauti iliyopasuka haishoneki.

Nyali_Usiku
Yangu fupi. Ukumbi wa taa za LED, video nzima ina mistari inayopanda kama maji. Kamera niliinunua kwa mtu aliyetoka Marekani nayo, iko fremu 30 kwa sekunde na shata, ule muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, 1/60. Stima yetu ni hezi 50, na taa humetameta kwa mwendo wake. Sasa ni 25 na 1/50, mistari kwaheri. Ile ya zamani nilijaribu kuisafisha kwenye kompyuta, ikapungua, haikuisha. Bibi harusi hakuona. Mimi bado naiona.

MpitaFeri
Mimi nilikuwa Likoni na mzee mmoja fundi wa mashua, saa nzima anahadithia. Mjukuu wake akajikwaa kwenye waya wa stima, kamera ikazima huku yarekodi. Faili lipo, GB 11, halifunguki.

Faili la MP4 huwa na fahirisi ndani yake inayosema kila fremu iko wapi, na kamera nyingi huiandika mwisho, ukishabonyeza kusimamisha. Yangu haikufika huko. Ikawa ni kitabu kizima ambacho kurasa zake hazina namba. Jambo moja tu nililifanya sawa siku ile: niliitoa kadi, sikurekodi juu yake tena. Kuna programu ya bure iitwayo untrunc. Waipa klipu nyingine iliyo salama ya kamera ile ile, mipangilio ile ile, yaitazama ilivyopangwa kisha yaijenga upya iliyovunjika. Mahojiano yakarudi yote isipokuwa sekunde za mwisho, na ndizo mzee alizotaja jina la jahazi la babake. Nikapanda feri kurudi kumwuliza. Akacheka, akasema, "Nilijua utarudi," akaanza hadithi upya toka mwanzo.

Nyali_Usiku
Na upepo wa kusi pale Mama Ngina, mwaufanyaje? Kuna mtu aliniambia programu za kusafisha sauti zaondoa wote.

FundiMiksa
Huyo akuuzie na bahari. Kwenye kuediti, kata ile mivumo mizito iliyo chini ya hezi 80, hata 100 kwa sauti ya mtu, ule mvumo utapungua. Zile za kusafisha ukizikaza sana, mtu huongea kama yumo ndani ya mtungi. Nunua manyoya ya maiki, au mgeuze mgeni wako, mgongo wako uwe ndio ukuta wa upepo.

MtotoWaKisauni
Fundi, Mungu akuweke. Kadhi amerudi! Nimejaribu simu ya mamangu, ya jirani, hata ya dereva wa tuktuk aliyekuwa nje.

Sasa mzee aitaka kwenye flashi, aitazame kwa televisheni na wageni. Faili ni GB 6, flashi ni ya 32 na haina kitu, lakini yakataa. Yasema faili ni kubwa mno.

BintiKibokoni
Flashi yako imepangwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT32. Hiyo haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata iwe tupu namna gani. Waweza kuifomati iwe exFAT, mtindo unaopokea mafaili makubwa, lakini televisheni nyingine haziisomi, na wewe hujui yake ni ipi. Punguza bitireti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde ya video, urende upya.

MtotoWaKisauni
GB 3.4. Naipeleka baada ya alasiri, na hedifoni naziacha nyumbani.