Mrejesho: Msumeno wa umeme uliokuwa ukitoa cheche na kuzimika

Ndugu mafundi, wiki tatu zilizopita niliomba msaada kuhusu msumeno wangu wa umeme, ule ambao wembe wake huenda mbele na nyuma, uliokuwa ukitoa cheche nyingi na kuzimika kila nilipokata bomba la chuma. Nawashukuru sana nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kukagua kaboni (vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye amecha) kabla ya kuigusa amecha yenyewe, yaani sehemu ya mota inayozunguka: moja ilikuwa imebaki milimita 4 tu, na springi yake haikuisukuma tena. Nilinunua jozi mpya Gerezani, Dar es Salaam, nikazisugua kidogo kwa msasa laini hadi zikaingia kwenye nafasi zake bila kukwama, nikafuta shaba ya amecha kwa kitambaa kikavu, kisha nikauendesha msumeno dakika 10 bila kukata kitu ili kaboni zikae vizuri. Cheche zimepungua mno na nguvu imerudi.

Hata hivyo, mlio wa kukwaruza uliokuwapo pia haukuisha hata baada ya kubadilisha grisi ya giaboksi (sanduku la gia), na nilipoizungusha beringi ya nyuma kwa kidole niliihisi ikikwama kana kwamba ina mchanga. Mpaka nitakapoibadilisha, nakata mbao peke yake.