Tangi la lita 50,000 Mwakirunge: fundi ataka mraba na mchanga wa ufuoni

Mwakirunge_Kwetu: Asalaam aleikum. Kamati yetu hapa Mwakirunge, Mombasa, yataka tangi la maji ya mvua ubavuni mwa shule, lita 50,000. Paa ni mabati, mita 200 za mraba. Fundi ataka tangi liwe mraba, ukuta wa mawe ya matumbawe, na mchanga tuchote ufuoni kupunguza gharama. Tumkubalie?

Bi_Plasta: Waaleikum salaam. Mchanga wa ufuoni hata toroli moja msitie. Chumvi hula chuma ndani ya zege, kutu huvimba, ukuta hupasuka. Nunueni wa mto, na kabla lori halijamwaga, tieni kidogo kwenye chupa ya maji, mtikise, muache utuame. Tope likikaa nene juu ya mchanga, lirudi lilikotoka.

Mzee_Bomba: Mraba nao hapana, hupasukia pembeni. Pigeni duara, kipenyo mita 6. Maji yakifika mita 1.8 mna karibu lita 51,000. Hizo ni tani 51, chimbeni hadi udongo mgumu. Matumbawe yana vitundu, huvujisha. Tumieni matofali ya zege, mzungushe seng'enge nje, mizunguko ikaribiane zaidi chini ambako maji husukuma kwa nguvu.

Mwakirunge_Kwetu: Shukran. Tangi la kijiji cha pili lavuja pale sakafu ikutanapo na ukuta.

Bi_Plasta: Ndipo penye ugonjwa. Jazeni kona hiyo saruji 1 kwa mchanga 3, muiviringe kwa chupa ya soda. Plasta ya ndani vivyo hivyo, mara mbili, na uji wa saruji upakwe siku ile ile ingali mbichi. Kisha magunia, yamwagiwe maji asubuhi, mchana na jioni, wiki 3. Kaskazi likivuma, plasta iliyo wazi hupasuka upesi sana.

Mzee_Bomba: Bomba la kufurikia lisiwe jembamba kuliko la kuingizia, na mdomoni wavu wa mbu. Mfereji wa kutekea maji ukae sentimita 10 juu ya sakafu, tope lisitoke. Lita 50,000 kwa siku 90 za kiangazi ni mitungi 27 ya lita 20 kwa siku. Kulijaza, paa lenu lataka mvua ya milimita 310 hivi, maana moja ya tano hupotea. Vuli haba haifiki huko, kwa hivyo maji ya masika msiyamalize.

Mwakirunge_Kwetu: Nyumba ni 40, mzee.

Mzee_Bomba: Basi mtungi mmoja kila nyumba kwa siku, siku hizo 90, ni lita 72,000. Msirefushe ukuta wa hili. Tangi la pili liwekeni kwenye paa jingine.